Mpango wa Karanga wa Tanganyika

Mpango wa Karanga wa Tanganyika ulikuwa mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika (leo Tanzania bara) kati ya mwaka 1947 na mwaka 1951. Maeneo yake matatu yalikuwa Kongwa katika Tanganyika ya kati, Urambo upande wa magharibi na Nachingwea upande wa kusini, katika Mkoa wa Lindi wa leo. Kwenye ramani za wapangaji, kusini ndiko kulikotengewa sehemu kubwa kuliko zote.

Mradi ulishindwa. Serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya takriban pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Tangu hapo, katika siasa za Uingereza, jina la mpango huo limekuwa msemo: hutajwa pale watu wenye madaraka wanapojiona wanajua kila kitu, wakaanza jambo kubwa bila kuuliza wala kujaribu kwanza. Kwa Tanzania, mpango huo uliacha mji wa Nachingwea na bandari ya Mtwara, pamoja na reli iliyong'olewa baada ya miaka michache tu.

## Asili ya mpango

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula duniani. Nchini Uingereza siagi, majarini na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa mgao, na serikali haikuwa na dola za kutosha kununua bidhaa kutoka Marekani. Serikali ya chama cha Labour, iliyoingia madarakani mwaka 1945 chini ya Clement Attlee, ilitafuta njia ya kupata mafuta ndani ya makoloni yake.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa tawi la Unilever, alipendekeza kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Wazo lake lilipokelewa na Wizara ya Chakula, na katikati ya mwaka huohuo ikatumwa tume ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Wenzake walikuwa David Martin na John Rosa. Tume ilizunguka kwa ndege na gari kwa takriban wiki tisa, kisha ikaandika taarifa yake.

Taarifa ilipendekeza kufyeka ekari 3,210,000, yaani karibu kilomita za mraba 13,000. Eneo hilo linakaribia ukubwa wa Mkoa wa Kilimanjaro. Lingegawanywa katika mashamba 107, kila moja likiwa na ekari 30,000. Sehemu ndogo ingekuwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), na sehemu kubwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24 kwa miaka sita, na mavuno yalitarajiwa kufika takriban tani 600,000 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya mashamba yote ilipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa makao yake.

Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali mpango huo na kuutetea bungeni. Shamba la majaribio halikuanzishwa kwanza. Hoja ilikuwa kwamba njaa ya mafuta haisubiri, na kwamba mashine za kisasa zingeweza kushinda kizuizi chochote ambacho jembe la mkono halikukiweza.

## Nchi iliyoonekana tupu

Moja ya sababu zilizofanya kusini kuvutia wapangaji ilikuwa uchache wa watu. Kutoka angani ilionekana misitu mirefu isiyo na vijiji vingi, na hivyo ilichukuliwa kuwa ardhi isiyotumika.

Uchache huo ulikuwa na historia yake. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, vilienea haraka hadi kwa Wangindo na Wamwera, ambao ni wenyeji wa nchi ya Liwale, Nachingwea, Ruangwa na Lindi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, wanyama wakaongezeka, na mbung'o wakaenea pamoja nao. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilihamisha watu wa sehemu za Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na nchi yao ikaingizwa katika hifadhi ya wanyama ya Selous.

Hivyo pori ambalo tume ililiona lilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya vita, njaa na amri za serikali mbili za kikoloni. Hata hivyo wakulima hawakuwa wameisha. Wamwera, Wangindo, Wayao, Wamakua na Wamakonde waliendelea kulima mtama, mahindi, muhogo, ufuta na karanga. Karanga walizipanda katika mashamba madogo, mara nyingi zikichanganywa na mazao mengine, wakahama shamba udongo ulipochoka. Ujuzi wao kuhusu wakati wa kupanda, udongo unaofaa na mwenendo wa mvua haukupewa nafasi katika mpango. Taarifa ya tume iliutaja ukulima wa jembe hasa kama jambo la kuachwa nyuma.

## Kuanza Kongwa

Ingawa kusini kulikuwa na mvua nyingi na za uhakika zaidi, hakukuwa na reli wala bandari ya kina. Kwa sababu hiyo kazi ilianza Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947, mahali palipokuwa karibu na Reli ya Kati. Kongwa iko katika nchi ya Wagogo, inayojulikana kwa ukame na njaa za mara kwa mara.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilipandwa takriban ekari 7,500. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita yaliyonunuliwa mitumba, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, na yaliharibika upesi. Vipuri vilikosekana, na bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na mizigo. Kampuni ya Vickers ilitengeneza pia matrekta kutokana na vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick, lakini hayakuleta mafanikio yaliyotarajiwa. Mizizi ya vichaka vya Ugogo ilivunja majembe ya matrekta. Wakati wa kiangazi udongo wa Kongwa ulikauka na kuwa mgumu kama saruji, na karanga zilizokuwa tayari ardhini hazikuweza kung'olewa.

Wafanyakazi Waafrika waliajiriwa kwa maelfu, huku makazi, maji na chakula vikiwa haba na bei zikipanda. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kufuata Reli ya Kati na kufika hadi Kongwa.

## Nachingwea

Nachingwea ilitarajiwa kuwa moyo wa mpango. Udongo wake mwekundu wenye mchanga ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Kongwa, na mvua zake zilikuwa bora. Ugumu ulikuwa kuifikia. Mahitaji yote, kuanzia mafuta ya matrekta hadi misumari, yalipaswa kuletwa kwa meli hadi Lindi, ambako maji ni ya kina kidogo, kisha kusafirishwa bara kwa barabara ya vumbi ambayo wakati wa masika iligeuka tope.

Kwa hiyo wapangaji waliamua kujenga reli mpya na bandari mpya kwa wakati mmoja na mashamba. Reli ya kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafuata bonde la mto Lukuledi na kufika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kudumu ilipangwa Mtwara, penye maji ya kina kirefu. Mji wa Mtwara wa leo ulianza kupimwa na kujengwa kwa ajili hiyo.

Ufyekaji wa misitu ulifanywa na matingatinga. Katika baadhi ya sehemu mnyororo mzito wa meli ulikokotwa kati ya matingatinga mawili ili kuangusha miti mingi kwa mara moja. Miti ilianguka, lakini visiki na mizizi vilibaki ardhini, na kuvitoa kuligharimu fedha na muda mwingi kuliko kuangusha miti yenyewe.

Pamoja na mashamba ulikua mji. Zilijengwa nyumba za wafanyakazi wa Kizungu, karakana, hospitali, maduka na kiwanja cha ndege. Makazi yaligawanywa kwa rangi kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni: Wazungu walikaa peke yao katika nyumba zao, na wafanyakazi Waafrika katika kambi zao.

### Athari kwa wenyeji

Mshahara wa mpango uliwavuta vijana kutoka vijiji vya Jimbo lote la Kusini, pamoja na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Lindi. Wenye mashamba ya mkonge walilalamika kukosa vibarua. Vijijini mikono ya kulima ilipungua wakati ambapo maelfu ya watu wapya walihitaji kulishwa, na bei ya chakula ikapanda. Wakulima waliobaki na chakula cha kuuza walipata faida, lakini walionunua chakula waliumia.

Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeandika mwaka 2006 juu ya kile kilichobaki baada ya mpango huo kusini mwa Tanganyika, aliangalia hasa soko la kazi. Maandishi mengi kabla yake yalihesabu pauni zilizopotea Uingereza. Yeye alionyesha kwamba kwa watu wa Jimbo la Kusini jambo kubwa lilikuwa kuja na kuondoka kwa ajira. Ndani ya miaka michache waliitwa kwa wingi kuwa vibarua, kisha wakaambiwa kazi imekwisha.

## Kuanguka kwa mpango

Mwaka 1948 usimamizi ulitolewa mikononi mwa United Africa Company na kukabidhiwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Meneja mkuu nchini Tanganyika alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Watu wengi waliojiunga walikuwa askari waliotoka vitani, na mpango ulizungumzwa kwa lugha ya kijeshi: jeshi la karanga, mapambano na pori, mstari wa mbele. Katika hali hiyo, taarifa za kukatisha tamaa kutoka mashambani zilichelewa kuaminiwa London.

Malengo yalipunguzwa mara kadhaa. Alizeti ilipandwa pamoja na karanga, lakini nayo iliathiriwa na ukame wa Kongwa. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walitoa dosari kubwa katika vitabu vya shirika. Mwishoni mwa mwaka huo Wakefield na Rosa, wawili kati ya watu watatu walioandika taarifa ya mwaka 1946, waliondolewa katika bodi. Wapinzani wa chama cha Conservative waliufanya mpango kuwa hoja yao katika uchaguzi wa mwaka 1950. Labour ilishinda kwa viti vichache, na Strachey akahamishiwa Wizara ya Vita.

Mwezi Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango mkubwa umeachwa na gharama zake zimefutwa. Kilichobaki kilifanywa kuwa mradi mdogo wa majaribio chini ya Wizara ya Makoloni, na mwaka 1955 kikarithiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Kongwa ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, na Urambo ikawa eneo la tumbaku. Nachingwea iliendelea na mashamba ya majaribio pamoja na utaratibu wa kuwapa wakulima Waafrika viwanja vya kulima kama wapangaji.

## Sababu za kushindwa

Waandishi waliochunguza mpango huu, kuanzia Alan Wood, aliyefanya kazi katika shirika na kutoa kitabu chake mwaka 1950, wametaja sababu nyingi:

* Hakukuwa na shamba la majaribio. Kilichopaswa kujulikana katika ekari mia chache kilijulikana baada ya kufyeka maelfu.
* Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, na udongo haukupimwa vya kutosha.
* Mashine zilikuwa kuukuu, na hazikuwa zimetengenezwa kwa udongo wala vichaka vya aina ile.
* Reli, bandari, makazi na mashamba vilijengwa kwa pamoja, kila kimoja kikisubiri kingine.
* Maamuzi yalifanywa London kwa haraka ya kisiasa.
* Wenyeji hawakuulizwa.

Upungufu wa mafuta ulikuwa wa kweli, na si kila aliyeshiriki alikuwa na majivuno. Wataalamu wengi wa mashambani waliandika maonyo mapema. Tatizo lilikuwa kwamba ukubwa wa mpango wenyewe uliwafanya wakuu waamini kwamba hauwezi kushindwa, na kila onyo likahesabiwa kuwa woga.

Mfano wa kinyume ulikuwepo wakati uleule. Katika Nigeria ya Kaskazini wakulima wadogo walilima karanga kwa jembe na kuziuza Kano kwa wingi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 magunia yao yalirundikwa kama vilima kwa sababu treni hazikutosha kuyabeba hadi pwani. United Africa Company yenyewe ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karanga hizo. Huko mazao yalikosa reli, na huku Nachingwea reli ilikosa mazao.

## Katika lugha

### Msemo wa Kiingereza

Katika magazeti na Bunge la Uingereza, kuutaja mradi kuwa "mpango wa karanga" ni kuusema kwamba ni wa gharama kubwa, umeanzishwa kwa kujiamini kupita kiasi na hauna msingi. Msemo huo unatumika zaidi na watu wanaoikumbuka historia ya miaka hiyo.

Kiingereza kina pia msemo wa zamani zaidi kuhusu watu wanaojiona wakubwa: husema kwamba mtu amekuwa mkubwa mno kwa buti zake. Wamarekani husema vivyo hivyo kuhusu suruali. Picha yake ni ya mtu aliyevimba kwa kujisifu hadi mavazi yake hayamtoshi tena. Mara nyingi maneno haya hutamkwa na aliye juu akimkemea aliye chini, kama vile mwajiri kwa mfanyakazi au mzee kwa kijana. Katika Mpango wa Karanga mambo yalikuwa kinyume. Waliovimba walikuwa wenye amri, na waliokuwa chini yao hawakuwa na nafasi ya kuwakemea.

### Kwa Kiswahili

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza hali hiyo, na kila moja lina mkazo wake:

* *Kujikweza* ni kujipandisha cheo ambacho mtu hakupewa.
* *Kujiona* ni kudhani kwamba hakuna mwingine anayefaa.
* *Majivuno* na *maringo* huonekana katika maneno na mwendo wa mtu.
* *Kiburi* ni kukataa kusikia la mwenzako.
* *Kuvimba kichwa* husemwa kwa aliyeharibiwa na sifa au mafanikio.
* *Kujimwambafai* ni neno la mitaani la miaka ya karibuni, lenye dhihaka ndani yake.

Neno *bwana mkubwa* lina historia ya pekee. Wakati wa ukoloni lilikuwa jina la heshima kwa afisa wa Kizungu. Siku hizi linaweza kutumika kwa heshima au kwa mzaha, na msikilizaji huamua kwa kusikia sauti ya msemaji.

Methali nazo zinagusa jambo hili. *Mpanda ngazi hushuka* humkumbusha aliye juu kwamba hatadumu huko. *Debe tupu haliachi kuvuma* humhusu mwenye makelele asiye na kitu ndani. *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji* huonya juu ya sifa zinazomlevya mtu hadi akaharibu kazi yake. *Asiyesikia la mkuu huvunjika guu* hutumika zaidi kwa vijana wasiosikiliza wazee, lakini inawafaa pia wageni wasiosikiliza wenyeji. *Kuuliza si ujinga* inaeleza kwa maneno matatu kasoro kubwa ya tume ya mwaka 1946.

Methali *mgeni njoo, mwenyeji apone* hutarajia kwamba ujio wa mgeni utamletea mwenyeji nafuu. Kwa Nachingwea nafuu hiyo ilikuja kwa njia ambayo mgeni hakuipanga, kama inavyoonekana hapa chini.

## Yaliyobaki

### Bandari na reli

Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kuachwa kwa mpango ulioihitaji. Reli iliunganishwa nayo, na tawi la kwenda Masasi likakamilika mwaka 1958. Kwa kuwa karanga hazikuwepo na mizigo mingine haikutosha, reli ilipata hasara kila mwaka. Ilifungwa mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru, kisha mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Katika Wilaya ya Nachingwea kuna kata iitwayo Stesheni, ingawa treni haijapita huko kwa zaidi ya miaka 60. Kujengwa upya kwa reli ya kusini, safari hii kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kumetajwa mara kadhaa katika mipango ya serikali ya Tanzania.

Bandari imebaki kuwa ya maana. Korosho za mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma husafirishwa kupitia hapo.

### Kambi ya wapigania uhuru

Miundombinu ya Nachingwea ilipata matumizi mengine katika miaka ya 1960. Moja ya mashamba ya zamani ya mpango, lijulikanalo kama Farm 17, lilitolewa kwa chama cha FRELIMO cha Msumbiji na kuwa kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi. Nachingwea haiko mbali sana na mto Ruvuma, ambao ni mpaka wa Msumbiji. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, aliongoza wapiganaji kutoka hapo. Hivyo ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya majarini ya Uingereza ilitumika kuwafunza watu waliouondoa ukoloni wa Wareno.

### Nachingwea na Ruangwa leo

Mji wa Nachingwea ni makao makuu ya wilaya. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, ilipewa wilaya yake mwaka 1995. Wakazi wengi wa wilaya hizo mbili ni wakulima wadogo wa korosho, ufuta, mbaazi, muhogo, mahindi na karanga. Ardhini kuna pia madini, yakiwemo kinywe katika Ruangwa na nikeli katika Nachingwea.

Somo la mwaka 1951 halikueleweka mara moja hata baada ya uhuru. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikopa fedha na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, kimojawapo Nachingwea, kwa kutarajia kwamba mavuno yataendelea kupanda. Mavuno ya nchi yalikuwa takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia miti. Viwanda vingi vilisimama. Hapa pia mashine ziliagizwa kabla ya mwenye shamba kuulizwa. Korosho zilipona baadaye, hasa baada ya wakulima kupata dawa ya ubwiriunga na bei nzuri zaidi.

### Karanga zenyewe

Karanga hazikuondoka kusini. Utafiti wa mbegu za mafuta uliendelezwa na kituo cha Naliendele karibu na mji wa Mtwara. Adui mkubwa alikuwa ugonjwa wa rozeti unaoenezwa na vidukari, ambao hudumaza mmea na kuufanya usizae. Kituo kilishirikiana na taasisi ya kimataifa ICRISAT, na wakulima walishirikishwa kuzijaribu mbegu mashambani mwao na kusema zipi zinawafaa: zinazokomaa mapema, zinazong'oka kwa urahisi, na zinazopendwa sokoni na jikoni.

Mwaka 2009 zilitolewa aina tano mpya za karanga, zikapewa majina ya mahali pa kusini: Naliendele, Masasi, Mangaka, Mnanje na Nachingwea. Karanga iitwayo Nachingwea hupandwa katika mashamba ya ekari moja au mbili, nyingi zikilimwa kwa jembe la mkono.

## Tazama pia

* Wilaya ya Nachingwea
* Wilaya ya Ruangwa
* Bandari ya Mtwara
* Vita vya Maji Maji
* FRELIMO
* Karanga
* Methali za Kiswahili